Mabomba ya Baba Yasiyokwisha

Enzi zetu, sisi tuliokulia Rashidiya, kuoga wakati wa joto kulikuwa na elimu yake, na elimu hiyo haikufundishwa skuli. Ukiingia bafuni mwezi wa saba ukafungua mfereji wa buluu, ule wa maji baridi, ulitoka mbio na povu kichwani ukimwita mama. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa, jua la Dubai limelikalia tangu alfajiri, na maji yake yalifaa kutia majani ya chai. Ukitaka maji ya kuoga binadamu, ulifungua mfereji mwekundu, ule wa maji ya moto. Ndiyo, wa moto! Maana hita, lile pipa jeupe lililoning'inia juu ya ukuta wa bafu, ilikuwa imezimwa umeme tangu mwezi wa nne, na maji yaliyokaa ndani yake, kivulini, ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, yalipoa taratibu mpaka yakawa raha tupu. Wakazi wa zamani wa huku najua wananielewa, na sasa hivi wanatabasamu.

Tatizo pipa lenyewe lilikuwa dogo na sisi wengi. Lilitosha watu wawili wenye adabu, au kaka yangu Khamis peke yake. Kila jioni tulirudi kutoka kucheza, jasho na mchanga mpaka masikioni, tukapanga foleni mlangoni mwa bafu, na Mama anapita na sufuria mkononi akigonga mlango: "We Khamis! Waachie na wenzio!" Khamis anaitikia kutoka ndani kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Ndo namaliza, Mama!" Muongo mkubwa. Wa mwisho kwenye foleni nilikuwa mimi, Rukia, kitindamimba, nikaoga maji ya tangi huku narukaruka. Mpaka leo naoga kwa haraka, na mume wangu hucheka akasema naoga kama ninayetoroka polisi.

Lakini tulikuwa na raha, jamani, msione hivi. Adhuhuri wakubwa wote wamelala, viyoyozi vya dirishani vinanguruma mtaa mzima, sisi tumejilaza kifudifudi ukumbini tukicheza mdako, kwa sababu marumaru ndiyo kitu pekee kilichokuwa baridi. Alasiri jua likilegea tulitoka kucheza rede na kombolela na watoto wa majirani, na wako watu wazima wa Kibaluchi mjini hapa ambao hata leo wanajua kupiga kelele "Kombolela!" na hawajui ni lugha gani. Skuli tulisoma Kiarabu kutwa nzima, ila Mama alikuwa na sheria yake: "Kiarabu kivueni mlangoni pamoja na viatu. Humu ndani ni Unguja." Na kweli ilikuwa Unguja. Asubuhi ya Ijumaa uliamshwa na harufu ya mkate wa kumimina, hiliki imetapakaa nyumba nzima, na Baba kavaa msuli anakunywa kahawa akijifanya hasikii tunavyogombania kipande cha pembeni kilichoungua kidogo.

Nilipokuwa darasa la tatu, Bibi alikuja kutoka Unguja. Bibi ndiye mzaa Baba, na Baba ndiye mwanawe wa pekee. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, Bibi akabaki peke yake kwenye nyumba yao ya mtaa wa Ng'ambo. Alikataa kupanda ndege mpaka aione tikiti ya kurudi. "Nakuja kuwatazama wajukuu mwezi mmoja," alisema, "siji kuhamia." Baba akamwambia sawa, Mama. Sisi alituambia mengine. Alitukusanya sebuleni akasema Bibi akirudi kukaa peke yake katika nyumba ile, yeye Baba hatapata usingizi tena maishani mwake, kwa hiyo kazi yetu sote mwezi ule ni kumfanya Bibi asitake kuondoka. Na akataja jambo lililomuuma zaidi: tangu Babu azikwe, hakuna aliyemsikia Bibi akicheka. Hilo lilitushtua sana. Bibi tulimjua kwa kanda za kaseti alizokuwa akiturikodia salamu, na kanda zile zilikuwa kicheko mwanzo mpaka mwisho, salamu zenyewe ulizitafuta katikati.

Sasa, mtu mwenye akili anamleta mama yake Dubai mwezi gani? Baba yangu alimleta mwezi wa saba.

Siku ya kwanza tu, Bibi akaingia bafuni kutoa uchovu wa safari. Nikamwambia kutoka nyuma ya mlango, "Bibi, fungua mwekundu." Akanijibu, "Mke mwenzangu," maana ndivyo alivyoniita, mimi mke mwenza na Khamis mumewe, "mwekundu si wa moto huo? Mie sikuzaliwa jana." Akafungua wa buluu. Ukelele ule ulisikika mpaka kwa Wabaluchi. Alitoka kajifunga kanga, bega limeiva, na kila tulivyomweleza kwamba baridi iko kwenye mwekundu, alitutazama kwa huruma, kama watoto waliopigwa na jua. Kwa hesabu yake, ikiwa ya baridi ndiyo haya, hayo ya moto si yatamtoa roho? Mama akaingia naye, akafungua mwekundu kwa mkono wake mwenyewe, akatia kidole. "Mama, tazama, yamepoa." Bibi akasogeza mkono. Laiti tungemhesabu Khamis! Kumbe alishaoga kabla, hita amekwisha kuikausha, na maji mapya ya tangi yalikuwa yameingia; yale aliyoyagusa Mama yalikuwa masalio ya bombani tu. Bibi akaurudisha mkono kwa kasi, na imani yake ikafia pale pale. Mfereji mwekundu hakuugusa tena.

Akaanza kulaza maji kwenye ndoo yapoe. Nyumba ikajaa ndoo, ukumbini, jikoni, chini ya meza ya kulia, ukipita unapiga teke. Tikiti aliiweka chini ya mto, na kila alasiri aliniita nimsomee tarehe, ingawa aliijua. Akimwona Mama anapika, anataka kusaidia, na Mama kwa heshima anamvutia kiti: "Kaa upumzike, Mama." Bibi akamjibu siku moja, "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mie wiki ya tatu hii sijapewa hata ufagio. Kazi yangu kuungua tu." Alisema bila ya kucheka. Baba alisikia, na sahani yake ya wali hakuimaliza.

Ijumaa iliyofuata, wiki moja kabla ya siku ya tikiti, Baba akatangaza kwamba anabadilisha mabomba. Baba alikuwa karani bandarini, chombo alichokijua vizuri ni kalamu, kwa hiyo alimwita Ami Nassor. Ami Nassor si ami wa damu, ni rafiki yake wa tangu utotoni, fundi wa mabomba ya meli, mtu mnene mwenye sauti ya kuamshia daku. Baba alikuwa ameokota hita kuukuu iliyoungua kwa jirani. Mpango wake ulikuwa huu: waitundike ukumbini chini ya kiyoyozi, wasiipe umeme kabisa, na maji ya Bibi yapitie humo yapoe kwanza. "Mama ataoga na kutawadha maji ya kisima," alituambia macho yanamng'aa, "hapa hapa Dubai!"

Ijumaa ile sitaisahau. Maji yamefungwa, ukuta umevunjwa, vumbi jeupe limekaa juu ya kabati la vyombo vya harusi vya Mama, na hakuna aliyegombezwa. Ami Nassor anakata mabomba ya chuma kwa msumeno, anachonga uzi wa kuungia kwenye ncha zake, anazungushia katani na kupaka rangi juu yake ili yasivuje, na Baba anashika pale anapoambiwa ashike, na mara nyingi anashika penginepo. Bibi kakaa kitini kati ya ndoo zake kama hakimu. "Mwanangu, babaako alijenga nyumba nzima, sikumwona akivunja ukuta hata mmoja." Baba anajibu, "Subiri, Mama, utaona." Jasho linamtiririka, katani imemganda ndevuni.

Ikafika pa kuunganisha. Mabomba mawili yalikuwa yametokeza ukutani, yanafanana, moja limetoka kwenye lile pipa la kupozea, jengine limeshuka moja kwa moja kutoka tangini. Baba alitakiwa apande juu ya paa kushughulikia koki ya tangi, basi kabla ya kupanda akayatia alama kwa rangi, ili Ami Nassor asikosee. La kwenye pipa la kupozea akalipaka nyekundu. La tangini akalipaka buluu. Kwa Baba jambo lilikuwa wazi kabisa, miaka yote nyumbani kwetu nyekundu ndiyo baridi. Lakini Ami Nassor aliishi kambi ya kampuni, wanaume watupu, mfereji mmoja ukutani usio na rangi wala hita, na desturi yetu hakuijua. Kwake nyekundu ilikuwa moto, kama ilivyo duniani kote. Akatazama alama akajisemea, hasha, bibi wa watu tumpe moto tena? Akalipeleka la buluu kwenye mfereji wa Bibi. Na lile jekundu, kwa kuwa lazima liende mahali, akalipeleka chooni, kwenye ule mpira wa kujisafishia.

Pipa lilipopewa muda wake wa kupoa, tukaitwa sote. Mama amechoma ubani, Khamis kavaa kanzu, Baba kasimama kando ya mfereji kama waziri anayefungua skuli. "Mama," akasema, "bismillahi. Fungua."

Bibi akafungua. Mvuke ukapanda mpaka kwenye dari.

Baba alitazama mfereji, akamtazama Ami Nassor, akautazama mfereji tena. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye maji na vumbi, msuli umelowa, rangi nyekundu kwenye pua, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nisamehe, Mama. Kesho nitakwenda kuithibitisha tikiti yako." Mama akageuka akajifuta macho kwa mtandio. Mimi nikamshika Khamis mkono, na Khamis kwa mara ya kwanza hakunisukuma.

Bibi akaufunga mfereji. Akaingia chooni taratibu, akafunga mlango. Tukasikia mpira unamwaga maji. Kisha tukasikia sauti ngeni, kama mtu anayekohoa, na Mama akataka kuukimbilia mlango. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa kile kicheko cha kwenye kaseti. Kilianza kidogo kidogo, kikapanda, kikawa kinapiga kuta za choo na kurudi, mpaka mlango ukafunguka na Bibi akatoka kashika ukuta kwa mkono mmoja na mbavu kwa mwengine, machozi yanamtoka.

"Baba we!" akamwambia mwanawe. "Maji ya kisima umeyatia chooni! Mbele umeniunguza, nyuma umenipoza!"

Lahaula! Mama aliangua kicheko mpaka akakaa juu ya ndoo. Ami Nassor, badala ya kuomba radhi, akaanza kujitetea kwamba nyekundu ni moto hata kwenye meli za Wajapani, na Baba, bado kakaa chini, anamfokea, "Nyekundu ni baridi, yakhe, nyumba nzima inajua!" Kila wakibishana Bibi anacheka zaidi, anarudia, "Nyuma umenipoza!" na kupiga paja. Kisha akauvuta ule mpira mpaka kizingitini, akatumwagia maji kichwani sote, mimi, Khamis, hata Baba na ndevu zake za katani. Maji baridi, mwezi wa saba. Sijapata tena kuoga vile.

Tulipotulia Bibi akauliza, "Na haya utayageuza lini?"

"Ijumaa ijayo, Mama," alisema Baba, halafu akakumbuka. "Lakini Ijumaa ijayo ndiyo siku ya tikiti yako."

Bibi akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Tikiti itangoja. Mie siondoki kazi imelala nusu. Nikishaondoka, nani atawasimamieni, na huyu Nassor ndiye fundi wenu?"

Ijumaa iliyofuata mabomba yakageuzwa, Bibi akapata maji yake ya kisima kwenye mfereji, na chooni tukarudi kwenye moto wa kawaida, tukavumilia. Lakini kiungo kimoja chini ya sinki kilikuwa kinadondosha maji. "Nitakikaza Ijumaa ijayo," akasema Baba. Ijumaa hiyo ikafika, akagundua koki ya jikoni nzito. Ijumaa nyingine bomba la uani halijapakwa rangi. Ami Nassor alikuja kila wiki na mfuko wake wa spana, wakagongagonga kidogo, wakaketi kunywa kahawa. Na Mama naye, mjanja, akamwambia Bibi mafundi wanataka kula na yeye mikono imejaa, basi mkate wa kumimina wa Ijumaa ukawa wa Bibi. Alikwishapata jembe lake. Tikiti ikaisha muda chini ya mto, na hakuna aliyenituma tena kuisoma.

Kile kiungo cha chini ya sinki kiliendelea kudondosha. Siku moja Khamis, ameshaota ndevu mbili tatu, akachukua spana akikaze. Baba alimkamata mkono kama kashika moto. "Kiache hicho! Hicho changu." Wakati huo huo Bibi akapita, akalitoa kopo lililokinga matone, akalimwaga kwenye chungu cha mrehani, akalirudisha chini ya kiungo, akaendelea na safari yake. Bibi naye hakuwa mjinga. Tone lile lilidondoka mpaka nikamaliza skuli, likadondoka mpaka nikaolewa, na kila mgeni aliyeuliza kwa nini Bibi harudi Unguja alijibiwa kwamba anangoja mabomba yaishe.

Bibi alitutoka kitandani mwake, Rashidiya, wajukuu wamemzunguka. Baada ya hitima, wageni wakiwa wanakula, nilimwona Baba kachukua spana, kapiga magoti chini ya sinki. Akakizungusha kile kiungo mara moja tu. Maji yakakatika. Akaendelea kukaa pale, na kopo liko mkononi.

Leo mimi nakaa Jumeirah Village Circle, upande mwingine wa Dubai, ghorofani, tangi la jengo lina mtambo wake wa kupoza, na mfereji wa buluu unatoa baridi kama ulivyoahidi. Wanangu hawajui kuogopa bomba. Binti yangu Nasra anaoga saa nzima, simu inamwimbia, halafu anatoka analalamika mwezi wa nane kwamba maji yamekuwa vuguvugu. Vuguvugu, mwanangu! Nikimsimulia kwamba sisi tulifungua wa moto tupate baridi, ananitazama vile vile kama Bibi alivyonitazama. Foleni ya bafu hawaijui, kila mmoja ana bafu lake na mlango wake, na siku nyingine jioni inapita hatujagombana hata kidogo. Raha wanayo, siwanyimi. Lakini hakuna anayegonga mlango kumwambia mwenziwe amuachie.

Baba naye alishatangulia. Mama yuko peke yake katika nyumba ile ile ya Rashidiya, na kila nikimwambia aje kwangu, au aende kwa Khamis huko Al Warqa, ananijibu hataki kumzonga mtu. Wiki iliyopita hita yangu ilioza kwa kutu, na mabomba yake nayo yakawa hayafai. Nikampigia simu Mama: naenda kazini, Nasra yuko chuoni, njoo unikalie na fundi. Akaja na mkoba mdogo. Siku zote za kazi ya fundi nilirudi nikakuta nyumba inanukia hiliki. Nasra alikuwa anamaliza kuoga upesi ili amuwahi bibi yake sebuleni, na vicheko vyao nilivisikia tangu kwenye lifti.

Jana fundi, Wafula, kijana wa Kenya, akajipangusa mikono. "Madam, khalas, nimemaliza. Iko sawa kabisa, hakuna mahali inavuja."

Mama alikuwa ameshavaa buibui, mkoba uko mlangoni. "Haya mwanangu, kazi imekwisha. Niitie taksi."

Nikatazama kile kiungo kipya chini ya hita, kinang'aa, kikavu. "Wafula," nikasema, "hapo naona bado panavuja."

Wafula akapiga magoti, akapitisha karatasi, ikatoka kavu. Akanitazama. "Wapi, madam?"

Mama akaja. Akavaa miwani, akainama, akakitazama kile kiungo kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Panavuja," akamwambia Wafula. "Njoo wiki ijayo, inshallah."

Akavua buibui, akaleta kopo kutoka jikoni, akaliweka chini ya kiungo. Asubuhi ya leo Nasra kaniuliza kwa nini kuna kopo chini ya bomba kavu, nikamwambia aliache hapo hapo, la bibi yake.